Dakika Tano Hadi Kituoni: Mambo ya Kupima Kabla ya Kununua Nyumba Dar es Salaam

Swali ni lile lile, linabadilika sura tu. Muuza duka wa Kariakoo anayepanga Tabata anauliza anunue Kimara au Mbagala. Mume na mke wanaofanya kazi Posta wanauliza kama nyumba ya Mbezi Luis inastahili bei yake kwa sababu tu dalali kasema iko "karibu na mwendokasi". Kijana aliyeko Muscat ametumiwa na ndugu yake picha za nyumba ya Gongo la Mboto, anataka kujua kama kweli mabasi ya haraka yatafika huko. Wote wanataka kitu kimoja: kuchagua mtaa ulio karibu na usafiri wa umma bila kuja kujuta.

Jibu fupi ni hili. Anayenunua nyumba kwa ajili ya usafiri anunue safari anayoweza kuifanya leo, kwa miguu yake, saa ile ile atakayokuwa anakwenda kazini. Ramani ya mradi, kibao cha barabarani na maneno ya dalali vije baadaye. Jibu refu lina hatua, na kila hatua ina mtego wake.

## Barabara si kituo

Kosa la kwanza hufanyika hata kabla ya kuiona nyumba. Mnunuzi anasikia "mita mia mbili kutoka Barabara ya Morogoro" na kichwani anaandika "karibu na mwendokasi". Hivyo ni vitu viwili tofauti. Daladala linaweza kumshusha abiria popote konda anapokubali, lakini basi la mwendokasi husimama kwenye kituo chake tu, na kituo chenyewe kiko katikati ya barabara. Njia ya awamu ya kwanza, iliyoanza kutoa huduma Mei 2016 kati ya Kimara, Kivukoni, Gerezani na Morocco, ina urefu wa karibu kilomita 21 na vituo 27, ukiacha vituo vikuu 5. Nyumba iliyo katikati ya vituo viwili inaweza kuwa karibu na lami na bado mkazi wake akatembea robo saa.

Jambo jingine ambalo wengi hulijua wakiwa wameshahamia ni kwamba si kila basi linasimama kila kituo. Yapo ya kawaida na yapo yanayoruka vituo. Asubuhi, anayesubiri kwenye kituo kidogo anaweza kuona mabasi yakimpita moja baada ya jingine.

Kwa hiyo, mtu akiambiwa nyumba iko karibu, aulize kwa mpangilio huu:

- Kituo gani, kwa jina?
- Kutoka mlango wa nyumba hadi lango la kituo ni dakika ngapi kwa miguu, si kwa bodaboda?
- Mabasi gani yanasimama pale, na yanaelekea wapi?
- Njia ya miguu inapita wapi: kwenye lami, kwenye korongo, au uchochoroni kati ya kuta?

## Hatua ya kwanza: ziandikeni safari zenu

Kabla ya kumpigia dalali, watu wa nyumba moja wakae na karatasi. Wengi hupima safari ya mtu mmoja tu, yule anayelipa nyumba, wakasahau kwamba watoto, mama mzazi na dada wa kazi nao wanatoka kila siku.

1. Andikeni kila mtu anakwenda wapi, siku ngapi kwa wiki, na anatakiwa kufika saa ngapi.
2. Wekeni alama kwenye safari zisizoweza kubadilika, kama shule aliyokwisha kuandikishwa mtoto au kliniki ya mgonjwa wa kila mwezi.
3. Hesabuni mara ambazo kila safari italazimu kubadilisha gari. Kubadilisha mara moja kunavumilika. Mara tatu ni uchovu wa kila siku.
4. Chagueni njia moja kuu itakayobeba safari nyingi kuliko nyingine: Morogoro, Kilwa, Nyerere, Bagamoyo au Mandela.

Njia ndiyo ya kuchagua kwanza, mtaa baadaye. Anayefanya kazi Kariakoo anaweza kuishi Mbagala au Kimara akafika kwa gari moja. Anayefanya kazi Masaki na mke wake yuko Temeke hana njia moja inayowafaa wote, na ni afadhali wakijua hilo mezani kuliko kujua wakiwa wameshalipa.

## Hatua ya pili: pandeni basi kabla ya kununua

Hakuna maelezo yanayoshinda safari ya majaribio. Tena si ya Jumapili saa 4 asubuhi, barabara nyeupe, dalali akiwa ameshika usukani. Safari ya kweli ni ya Jumatatu saa 12 asubuhi, na ya kurudi ni saa 12 jioni.

Katika majaribio hayo kuna jambo moja la kutazama kwa makini: mahali kituo kilipo kwenye njia. Asubuhi, mabasi ya kuelekea mjini hujaa yanapoanzia. Anayepandia Kimara Mwisho anapanga foleni lakini ana matumaini ya kiti. Anayepandia Kibo au Shekilango hukuta milango haifungi. Ndiyo maana wapo abiria wa vituo vya kati wanaogeuza: wanapanda basi linalokwenda nyuma hadi mwanzo wa njia ili warudi nalo wakiwa wamekaa. Daladala zimewafundisha watu wa Dar mchezo huo miaka mingi. Kugeuza kunakula muda na kunaweza kula nauli ya pili, na hayo hayaonekani kwenye ramani yoyote.

Kwa hiyo nyumba iliyo kilomita tatu karibu zaidi na mji si lazima iwe na safari fupi zaidi. Wakati mwingine mtaa wa mwanzo wa njia unaushinda mtaa wa katikati.

Majaribio yafanyike hivi:

- Siku ya kazi asubuhi, kuanzia mlango wa nyumba hadi mlango wa ofisi, saa mkononi. Muda wa kusubiri kituoni uandikwe peke yake.
- Jioni, kurudi kwa njia ile ile, hadi mlangoni.
- Usiku baada ya saa 3, kutoka kituoni hadi nyumbani kwa miguu. Je, kuna taa? Kuna watu? Anayejaribu asiwe mwanamume peke yake. Mke, dada au binti naye atembee, kisha aseme.
- Siku ya mvua. Hii ndiyo inayorukwa na wengi.

Anayeweza kusubiri, apange kwanza chumba katika mtaa huo kwa miezi mitatu, na ikiwezekana miezi hiyo iangukie masika, kati ya Machi na Mei. Kodi ya miezi mitatu ni ndogo ukiilinganisha na nyumba isiyofikika.

## "Mradi unakuja": amini basi, usiamini kibao

Hakuna neno linalouza nyumba Dar es Salaam kama "mwendokasi unapita hapa". Mnunuzi aliyesikia neno hilo azitazame tarehe.

Ujenzi wa awamu ya kwanza ulianza mwaka 2012, abiria wakapanda mwaka 2016. Awamu ya pili ya Barabara ya Kilwa, hadi Mbagala Rangi Tatu, ilianza kujengwa mwaka 2019. Zege ilimwagwa, vituo vikainuka, na wakazi wa Mbagala wakaendelea kugombania daladala pembeni ya njia tupu, kwa sababu njia ilikuwepo na mabasi hayakuwepo. Huduma ilianza mwaka 2025. Kwa maneno mengine, tangu greda lishuke hadi abiria apande, ilichukua miaka minne mara ya kwanza na takriban sita mara ya pili.

Awamu ya tatu ni ya Barabara ya Nyerere kuelekea Gongo la Mboto, na ya nne ni ya Barabara ya Bagamoyo kuelekea Tegeta. Anayenunua kwenye njia hizo ajiulize maswali matatu:

1. Zege imeshamwagwa mbele ya mtaa huu, au ni mchoro tu?
2. Mabasi yameshanunuliwa na mwendeshaji anajulikana?
3. Kama mabasi yatachelewa miaka mitano, safari ya leo kwa daladala inavumilika?

Swali la tatu ndilo lenye uzito. Kama jibu ni ndiyo, mnunuzi yuko salama; mradi ukija utakuwa nyongeza. Kama jibu ni hapana, ananunua ahadi, na bei yake ishuke kama bei ya ahadi.

Hata njia inayofanya kazi inaweza kupungukiwa mabasi. Mwaka 2016 huduma ilianza na mabasi 140, lakini miaka iliyofuata abiria wa Kimara walilalamikia mara kwa mara uchache wa magari na msongamano vituoni. Kituo kizuri kisicho na basi ni banda la kujikinga jua.

Treni nazo zina madalali wake. Reli ya kisasa ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na ina vituo Pugu, Soga na Ruvu. Kituo kuwepo hakumaanishi kwamba kila treni inasimama pale, wala kwamba ratiba inamfaa mtu anayeingia kazini saa 2 asubuhi. Anayeuziwa nyumba ya Soga kwa sifa ya SGR achukue ratiba ya wiki hii, aone treni zipi zinasimama na saa ngapi. Vivyo hivyo kwa treni ya mjini, ambayo watu waliibatiza "treni ya Mwakyembe" ilipoanza mwaka 2012: idadi ya safari kwa siku ndiyo ya kuulizia.

## Karibu mno ni hatari

Hapa ndipo pesa nyingi zimepotea. Nyumba inayogusa barabara kuu huonekana kama bahati: unafungua geti, unapanda basi. Lakini barabara kuu ina hifadhi yake, na hifadhi haionekani kwa macho.

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Kutokana na mabadiliko hayo zikaja zile alama za X ambazo kila mkazi wa pembezoni mwa barabara anazifahamu. X nyekundu ni ya jengo lililo ndani ya hifadhi ya zamani, ambalo mwenyewe hutakiwa kubomoa bila fidia. X ya kijani ni ya jengo lililoguswa na upanuzi wa baadaye, ambalo mwenyewe ana haki ya kufidiwa eneo litakapohitajika.

Lakini mita 30 si kipimo cha kila mahali. Mwaka 2017, wakati Barabara ya Morogoro ikiandaliwa kupanuliwa kuelekea Kibaha, nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa kwa sababu hifadhi ya kipande hicho ilihesabiwa kuwa mita 121.5 kila upande. Humo mlikuwa na nyumba za ghorofa, maduka, vituo vya mafuta na makanisa. Wapo waliokuwa wameishi hapo miaka na miaka, wameunganishiwa umeme na maji, wanalipa kodi ya majengo. Serikali ilishikilia kwamba aliyejenga ndani ya hifadhi hastahili fidia.

Funzo lake ni la vitendo. Luku, bili ya maji na risiti ya kodi ya jengo havithibitishi kwamba nyumba iko nje ya hifadhi. Kabla ya kununua nyumba yoyote iliyo karibu na barabara kuu:

- Nenda ofisi ya TANROADS ya mkoa uulize hifadhi ya kipande hicho cha barabara ni mita ngapi. Kwa barabara za mitaa, uliza TARURA.
- Mchukue mpima ardhi mwenye leseni apime kutoka katikati ya barabara hadi ukuta wa nyumba. Usipime kwa hatua.
- Uliza halmashauri ikuonyeshe mchoro wa mipango miji. Kiwanja kinaweza kuwa kimetengwa kwa barabara, kituo, shule au eneo la wazi.
- Zunguka nyumba. X iliyopakwa rangi juu yake mara nyingi bado inasomeka kwa pembeni, na majirani wanaikumbuka.

Kwa kawaida nyumba bora haipo mstari wa mbele. Iko ndani kidogo, mahali ambapo honi na moshi vimepungua, baa ya kona haisikiki, na mtu bado anafika kituoni kwa dakika tano hadi kumi na tano. Zaidi ya hapo, mvua ikinyesha au mzigo ukiwa mkononi, watu huita bodaboda, na faida ya kuishi karibu na kituo huanza kuyeyuka. Kwenye vilima vya Kimara, Golani kwa mfano, dakika hizo zipimwe kwa kupanda, si kwa kushuka tu.

## Mvua ndiyo mkaguzi

Bonde la Mto Msimbazi linapita katikati ya jiji, na Barabara ya Morogoro inalivuka Jangwani. Mvua kubwa zinapoijaza Jangwani, barabara hufungwa na mwendokasi husimama au hukatishwa njiani. Karakana ya mabasi nayo ilijengwa Jangwani, na mafuriko yameyaharibu mabasi mara kadhaa. Mradi wa kuliendeleza bonde hilo, unaobebwa na mkopo wa dola milioni 200 wa Benki ya Dunia, umejumuisha daraja jipya la Jangwani. Hata hivyo, anayenunua leo aipime mvua ya leo.

Kipimo cha kwanza ni cha njia: njia kuu ikifungwa, kuna njia ya pili? Mkazi wa Kimara au Ubungo anaweza kuzungukia Mandela au Sam Nujoma. Kigamboni wana kivuko cha Magogoni na, tangu mwaka 2016, Daraja la Nyerere. Anayenunua pale kwa ajili ya kivuko ajue pia safari ya kupitia darajani inamchukua muda gani na shilingi ngapi. Mtaa wenye mlango mmoja tu wa kutokea ni mtaa wa kufungiwa.

Kipimo cha pili ni cha nyumba yenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Nyumba nyingi za bei nafuu karibu na vituo ziko bondeni, na unafuu wake una sababu. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 waathirika wa bonde la Msimbazi walipewa viwanja Mabwepande, mbali kabisa na mji, na miaka michache baadaye nyumba zilizobaki au kurudi bondeni zilibomolewa.

Cha kutazama ni alama ya tope ukutani, mifuko ya mchanga mlangoni, kizingiti kilichoinuliwa na soketi za umeme zilizopandishwa juu kuliko kawaida. Kisha muulize mama muuza vitumbua wa kona, si muuza nyumba, maji ya masika hufika wapi.

## Hesabu ambayo dalali haifanyi

Nyumba iliyo karibu na kituo ni ghali. Hilo ni kweli, na ndilo pingamizi la kwanza la kila msomaji. Lakini bei ya nyumba isilinganishwe peke yake. Chukua mfano huu wa kufikirika.

Nyumba A inauzwa shilingi milioni 90, na kituo kiko dakika kumi kwa miguu. Nyumba B inauzwa milioni 75, na kila safari ya kwenda kituoni inahitaji bodaboda ya shilingi 1,500. Watu wazima wawili wanatoka siku 26 kwa mwezi:

- 1,500 kwenda na 1,500 kurudi ni 3,000 kwa mtu kwa siku.
- Watu wawili ni 6,000 kwa siku, sawa na 156,000 kwa mwezi.
- Kwa mwaka ni 1,872,000.
- Tofauti ya bei ya milioni 15 inaliwa na bodaboda kwa miaka minane hivi, na nauli ya basi haijahesabiwa, wala watoto.

Hesabu hiyo inaweza kugeuka. Kama mmoja anafanya kazi nyumbani na watoto wanasoma mtaani, Nyumba B inashinda. La msingi ni kuifanya kwa namba za nyumba yako: nauli unayolipa sasa kwa viwango vya LATRA, bei ya bodaboda ya mtaa huo usiku na wakati wa mvua, na idadi halisi ya watu wanaotoka.

## Karatasi kabla ya pesa

Mitaa mingi iliyo karibu na vituo, kuanzia Manzese hadi Mbagala, ilikua kabla ya kupimwa. Kwa hiyo mnunuzi atakutana na nyaraka za aina tatu, na kila moja ina ukaguzi wake.

Hati miliki. Fanya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Tazama jina la mmiliki, rehani ya benki, zuio la mtu mwingine, deni la kodi ya pango la ardhi na miaka iliyobaki. Nakala ya hati mkononi mwa muuzaji haitoshi, maana hati halisi inaweza kuwa benki.

Leseni ya makazi. Hii hutolewa na manispaa kwa maeneo yasiyopimwa, na ni ya muda mfupi kuliko hati. Ikaguliwe manispaa ilikotolewa, na tarehe ya kuisha isomwe.

Mkataba wa serikali ya mtaa. Nyumba nyingi huuzwa kwa karatasi hii tu. Haimaanishi ni utapeli, lakini kazi ya ukaguzi inakuwa kubwa zaidi. Zungumza na majirani wa pande zote nne, mjumbe na mwenyekiti wa mtaa, kila mmoja peke yake. Malipo yoyote yanayodaiwa ofisini yatolewe kwa stakabadhi.

Katika zote tatu kuna maswali mawili yasiyorukwa. La kwanza: muuzaji ana mwenza? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inailinda nyumba ya familia isiuzwe bila ridhaa ya mwenza. La pili: nyumba ni ya urithi? Kama ni ya urithi, anayeuza awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na warithi wengine wawe wanajua.

## "Lakini mimi..."

"Nina gari." Gari linakwenda gereji, petroli inapanda, na siku moja litahitajika na mtu mwingine wa nyumba hiyo hiyo. Tena anayekuja kupanga au kununua nyumba hiyo kesho huenda hana gari.

"Nataka kupangisha, si kuishi." Basi kituo ni muhimu zaidi. Kaa kituoni jioni moja utazame wanaoshuka ni nani na wanaelekea upande gani. Hao ndio wapangaji wako, na uchochoro wanaoingilia ndio mtaa wako.

"Sitaki nyumba, nataka fleti." Uliza kama jengo limesajiliwa chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008 na kama kila fleti ina hati yake. Uliza pia ada ya uendeshaji wa jengo ni kiasi gani, na nani anaikusanya.

"Niko nje ya nchi." Kijana wa Muscat anaweza kufanya karibu yote kupitia mtu mwingine, mradi anayekagua asiwe yeye yule anayepokea pesa. Wakili na mpima wawe wake. Ndugu atembee kutoka kituoni hadi mlangoni huku simu ikirekodi video mfululizo, bila kukata.

## Wasomaji wa Nairobi

Nairobi ina mfano unaostahili kukumbukwa na kila mnunuzi. Novemba 2011 nyumba za Syokimau zilibomolewa kwa maelezo kwamba zilijengwa kwenye ardhi ya uwanja wa ndege, ilhali baadhi ya wenyewe walikuwa na karatasi mikononi. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 2012, kituo cha treni cha Syokimau kilifunguliwa na Rais Mwai Kibaki. Mtaa uleule ulikuwa na kituo kizuri na ardhi yenye mgogoro. Oktoba 2023 ilikuwa zamu ya nyumba za Athi River kubomolewa, kwenye ardhi ya kampuni ya saruji ya East African Portland. Kwa hiyo rejista ikaguliwe kwenye mfumo wa mtandaoni wa Ardhisasa au ofisi ya ardhi, na historia ya shamba mama lililokatwa ifuatiliwe hadi mwanzo.

Na kwa ahadi za BRT, yaani mwendokasi wa huko, atazamaye vituo vilivyoanza kujengwa kwenye barabara kuu ya Thika na kubaki bila mabasi atawaelewa vizuri watu wa Mbagala.

## Makosa yanayojirudia

- Kuiona nyumba mara moja, mchana, kwa gari la dalali.
- Kupima umbali kwa ramani ya simu. Simu haijui kwamba njia ya mkato inapita kwenye uwanja wa mtu, na mwakani atajenga ukuta.
- Kulipa "pesa ya kushikilia" kabla ya upekuzi kwa kuogopeshwa kwamba kuna mnunuzi mwingine.
- Kulipia bei ya mwendokasi mahali ambapo mwendokasi haujafika.
- Kuchagua mstari wa mbele kwa sababu ya fremu za biashara bila kuuliza hifadhi.
- Kusahau safari ya usiku na ya wikiendi, wakati mabasi yanapopungua.

## Orodha ya kubeba mkononi

1. Jina la kituo na dakika za kutembea, zilizopimwa asubuhi, usiku na wakati wa mvua.
2. Muda wa safari nzima ya kwenda na kurudi, siku ya kazi.
3. Njia ya pili endapo ya kwanza itafungwa, na gharama yake.
4. Jibu la TANROADS au TARURA kuhusu hifadhi, na vipimo vya mpima ardhi.
5. Umbali wa nyumba kutoka mto au mkondo wa maji.
6. Matokeo ya upekuzi wa hati au leseni, ridhaa ya mwenza, na nyaraka za mirathi kama zipo.
7. Hesabu ya usafiri wa familia kwa mwaka, ikiwekwa kando ya bei ya nyumba.

Nyumba mbili zikifungana kwa alama, chagua ile ambayo safari yake ilikuwa nyepesi siku ya mvua. Kisha mpe wakili wako orodha hii pamoja na rasimu ya mkataba, na malipo ya kwanza yapitie benki, kwenye akaunti yenye jina lile lile lililoandikwa kwenye hati.